Dereva wa Mgonjwa Mwenzake

King'ora cha gari la wagonjwa kilipolia nyuma yao, Dereva aliganda. Mshono wa kifuani ukawaka moto, jasho likamtoka, akawa tena kwenye kile kitanda chini ya taa nyeupe, akiwasikia watu wakisema, "Tunampoteza."

"Taa ya kijani hiyo," Bosi alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Nimeiona, bosi."

Yeye na Bosi walipasuliwa moyo mwaka uleule, na daktari yuleyule. Kampuni ililipia wote wawili, ikajisifu gazetini. Bosi, aliyekuwa akishtuka usingizini, alipewa mapumziko marefu na mtaalamu wa kuzungumza naye kila wiki. Dereva alipewa ufunguo wa gari ampeleke huko.

Basi alikuwa akisubiri nje, jicho kwenye dirisha lenye pazia, wivu ukimla taratibu. Jumba na gari la Bosi hakuvionea kijicho, hivyo alishavizoea. Alimwonea wivu kwa kupata mahali pa kulia.

"Kamwambie daktari na wewe," mkewe alimsihi.

"Nimwambie naogopa ving'ora? Kesho nitaendesha nini, mwiko wako?"

"Haya, jikaze kiume. Hata makaburini wamejaa waliojikaza."

Akawa mdokozi. Bosi akitoka, humuuliza kwa upole, "Leo wamekufundisha nini, bosi?" Naye Bosi, kwa kuwa alipenda kusikilizwa, humtupia makombo: kanyaga chini kwa nguvu, taja vitu unavyoviona. Dereva aliyajaribu, yakamsaidia kidogo. Siku moja ulimi ukamponyoka.

"Hilo la kutaja vitu limenifaa hata mimi, bosi. King'ora kikilia."

Bosi alimtazama sana kwenye kioo.

Wiki iliyofuata alitoka kwa mtaalamu uso umemchangamka.

"Tumekipata kinachoninyima usingizi," alisema. "Ni kuendeshwa na wewe. Nimeambiwa nisione haya kujilinda. Usinielewe vibaya, ndugu yangu."

Bosi hakuwa amewahi kumwita ndugu.

"Na kazi yangu, bosi?"

"Ofisini watakueleza. Dereva mwingine anaanza kesho." Akatazama saa. "Leo nifikishe nyumbani. Taratibu lakini."

Dereva akamfungulia mlango wa nyuma, akaufunga polepole. Bosi alijifunga mkanda, akalegeza tai, na kabla hawajatoka getini alikuwa anakoroma.