Hisa za Baba, Simu ya Shemeji

Siku ya Diwali watu hawagombani. Ndivyo Alpa alivyofunzwa kwao Jamnagar, na ndivyo alivyoikuta desturi kwa wakwe zake Rajkot. Jioni ile Lakshmi, mungu wa kike wa mali, anaingia nyumbani, na ukipaza sauti atageuza njia aende kwa jirani na baraka zake zote. Kwa hiyo Alpa aliuma meno. Lakini jamani, kuna maneno mtu akiambiwa, hata huyo Lakshmi mwenyewe angeweka chini yungiyungi lake akauliza, "Hebu rudia?"

Maneno yenyewe aliyasema shemeji yake, Nilesh, huku mdomo umejaa ghughra, zile sambusa tamu za sikukuu. Wote walikuwa sebuleni. Kompyuta ya Nilesh ilikuwa juu ya kibao chekundu, imechorwa alama ya kumkum, unga mwekundu wa ibada, mgongoni na kuvishwa shada la maua, kama mababu walivyovisha vitabu vyao vya hesabu. Soko la hisa siku hiyo hufunguliwa kwa saa moja tu, ya baraka, na katika nyumba ya akina Vasani kila mtu hununuliwa hisa moja kwa jina lake, iwe mkosi au neema. Nilesh, kwa kuwa ndiye kaka mkubwa, ndiye anayebonyeza. Wengine kazi yao ni kutaja wanachotaka na kula.

"Ba, wewe?" Nilesh alimuuliza mama yake.

"Ile ya sabuni. Watu hawaachi kuoga."

"Hiren?"

"Yoyote, kaka." Huyo ndiye mume wa Alpa. Yoyote, kaka. Ungemchapia maneno hayo kwenye shati angeokoa muda.

"Alpa?"

"Mimi ninunulie ile kampuni ya pampu," Alpa alisema. "Niongezee juu ya zile za Baba."

Nilesh hata hakugeuza shingo. "Zile? Si tuliziuza. Wakati wa harusi ya wifi yako Rinkal." Akatafuna, akameza. "Nikuchukulie ya saruji, inapanda hiyo."

Tuliziuza! Kama anayezungumzia magazeti ya zamani. Alpa aliwatazama mmoja mmoja. Ba alikuwa akipanga taa za udongo kwenye sinia kana kwamba hajasikia. Hiren alikuwa akilichunguza zulia. Hakuna aliyeshtuka, na hapo ndipo Alpa alipoelewa kwamba mgeni wa habari ile alikuwa yeye peke yake.

"Haya, ya saruji," alisema, maana ilikuwa Diwali.

Baba yake Alpa alikuwa fundi wa kiwanda cha pampu. Kiwanda kilipowagawia wafanyakazi hisa, wenzake waliziuza wakanunua pikipiki. Yeye alizifungia kwenye mkebe wa biskuti, zikiwa karatasi bado, akawa kila mwaka anazianika juani zisiingie wadudu. Serikali iliposema karatasi basi, hisa sasa ziwe ndani ya kompyuta, mzee alipanda basi hadi Rajkot, akashinda kutwa kwa dalali wa hisa ili zihamie kwenye akaunti ya binti yake. "Dhahabu wataivaa wenzio," alimwambia. "Hizi hakuna wa kukuazima." Maskini Baba wa watu! Alifariki akiamini hivyo, na binti yake alicheza ngoma ya garba kwenye harusi ya Rinkal mpaka miguu ikavimba, bila kujua kwamba mapambo, wapishi na farasi wa bwana harusi vilitoka kwenye jasho la marehemu.

Asubuhi iliyofuata Diwali ilikuwa mwaka mpya wa kwao. Hiren alikuwa akifunga vifungo vya kurta, shati lake refu jipya, Alpa akafunga mlango wa chumba.

"Ulijua."

"Alpa, leo mwaka mpya. Wageni wako njiani."

"Wageni watakula. Nimekuuliza, ulijua?"

"Kaka alikuwa amebanwa. Alisema atazirudisha."

"Alimwambia nani? Mimi aliniambia? Na ameuzaje kitu chenye jina langu mimi sijaweka hata dole gumba?"

Hiren alikaa kitandani. Akaeleza kwa sauti ya mtoto aliyevunja mtungi. Akaunti ilipofunguliwa, Nilesh ndiye aliyejaza kila kitu, na kwenye nafasi ya simu akaandika namba yake. Ukitaka kuuza, inatumwa namba ya kuthibitisha kwenye simu. Basi ilikuwa inatumwa kwake.

"Wewe wakati ule hukuwa na simu," Hiren alisema.

"Simu ninayo tangu mwanetu Khyati hajazaliwa! Na Khyati sasa anakaribia kunipita kimo!"

"Lakini kaka hatumii kwako tu, anatumia majina yetu sote. Kampuni mpya zikigawa hisa kwa bahati nasibu, jina moja ni ombi moja. Kwa hiyo anaomba kwa jina la Ba, langu, lako. Zikipatikana zinakaa humohumo. Ni jina tu, Alpa."

"Kumbe mimi ni tiketi," Alpa alisema. "Nilidhani nimeolewa."

Kengele ya mlango ikalia. Akatoka, akainama kugusa miguu ya wakubwa, akagawa peremende, akasema "Saal Mubarak" ya heri ya mwaka mpaka mashavu yakamuuma. Ba alimfuata jikoni, akamshika kiwiko.

"Nimesikia mnavyojibizana. Mwanangu, mali ya nyumba ni ya nyumba. Hata mimi sijui kilichomo kwenye akaunti yangu, na nimezeeka salama."

"Ba, mimi naheshimu," Alpa alijibu, "lakini nyumba hii ilipomwoza binti yake, ilimwozesha kwa mali ya baba yangu na hata asante hakuambiwa."

Ba aliondoka na sinia ya chai.

Rajkot, baada ya Diwali, usitafute mtu wa kazi. Maduka yanafungwa, madalali wanakwenda kwa jamaa zao, hakuna kinachoeleweka hadi Labh Pancham, siku njema ya kufungua biashara upya. Alpa alingoja. Alikanda unga, akakaanga, akacheka palipochekwa, na hasira yake akailaza kifuani kama mama anayelaza mtoto msumbufu. Siku ya Labh Pancham, nazi ya kufungulia ofisi ya dalali ilipopasuliwa tu, yeye alikuwa mlangoni.

Msichana wa mezani, Dhruvi, alimpokea vizuri mpaka aliposikia shida yake.

"Kubadilisha namba ya simu? Ah, dada, akaunti zenu anashughulikia kaka yenu Nileshbhai. Mwambie aje yeye."

"Akaunti ni ya nani?"

"Yako."

"Hiyo picha kwenye kioo cha kompyuta yako ni ya nani?"

"Yako, dada."

"Basi Nilesh aje kufanya nini, kunishikia mkoba?"

Wateja waliokuwa kwenye benchi waliacha kutazama bei zinazopita ukutani. Meneja alichungulia, akaona uso wa Alpa, akarudi ndani kwake. Dhruvi alivuta kiti karibu.

"Sikiliza, dada, nikueleze. Ziko mbili. Hii inaitwa dimati, hii ndiyo ghala, hisa zako zinalala humu. Hii nyingine ni ya kununulia na kuuzia. Hiyo haihifadhi hisa, ni mlango wa kuingilia sokoni. Hisa haitoki ghalani mpaka mwenyewe uthibitishe kwa ile namba ya simu. Ikishauzwa, pesa zinaangukia benki."

"Benki ya nani?"

"Yako. Sheria haikubali iwe ya mwingine. Ghala, mlango na benki, vyote jina lako."

"Na simu?"

Dhruvi alitazama kioo, akatazama kalamu. "Ya Nileshbhai."

"Na hiyo kadi ya benki iko kwenye pochi yake. Lo! Mwizi angenijia na panga ningepiga kelele mtaa mzima uje," Alpa alisema. "Huyu kaja na simu, nikampikia chai! Badilisha."

"Nitabadilisha, ni haki yako. Lakini nikuambie ukweli, dada, ikishabadilika yeye hataweza kuuza hata zake."

"Zake zipi?"

"Hizi zilizomo."

"Zilizomo kwenye akaunti ya nani?"

Dhruvi alifunika mdomo, akacheka. Kisha akachukua kitambulisho cha Alpa na kuanza kazi. Alipotoka hapo Alpa alipitia benki, akabadilisha namba na kadi huko pia. Kila aliyemwambia "mlete shemeji" alimjibu jibu moja, na jibu hilo halikuwa tamu.

Maombi yalipopita, Alpa alirudi kwa dalali, na Dhruvi akamwonyesha namna ya kuingia kwa simu yake mwenyewe. Alpa alikaa kwenye benchi ileile akaona kwa mara ya kwanza kilichokuwa kikiishi kwa jina lake. Hamadi! Kulikuwa na saruji, dawa, benki, nguo, hisa zilizonona kweli. Nilesh alikuwa amejaza humo mali yake nzuri, ili watu wa kodi wakitazama sahani yake waone mchicha tu. Aliziweka pale kwa sababu pale palikuwa na mwanamke asiyeuliza. Za pampu hazikuwepo hata moja.

Hakuwa mwizi, na hakutaka kuwa. Lakini alimkumbuka Baba akianika karatasi zake juani, anawafukuza kunguru kwa sari ya mama. Akauza saruji ya Nilesh, kiasi kile tu kilichohitajika. Akanunua za pampu, idadi ileile aliyoachiwa na baba yake, hakuongeza hata moja.

Nilesh aligundua asubuhi moja ya wiki iliyofuata. Soko lilikuwa limefunguliwa, yeye yuko sebuleni na chai yake, Alpa yuko jikoni anasukuma chapati za rotli. Simu ya Alpa ikalia kando ya kopo la unga.

"Aisee, hii simu ina nini?" Nilesh alifoka. "Naomba namba haiji!"

"Imekuja huku," Alpa alimjibu kutoka jikoni.

Nilesh alitokea mlangoni taratibu. Nyuma yake Hiren, na Ba na shanga zake za kusalia.

"Nisomee."

"Unataka kuuza nini?"

"Hisa zangu. Soma, bei inashuka!"

"Zako ziko kwenye akaunti yako, Nileshbhai. Hii ni yangu. Na ukitazama utaona saruji imepungua na pampu za Baba zimerudi. Nimezirudisha mwenyewe, usije ukajichosha."

Nilesh aliiva uso. "Umeuza mali yangu? Bila kuniuliza? Una wazimu wewe? Huo ni wizi!"

"Ndiyo jina lake!" Alpa alipiga mti wa kusukumia rotli mezani, unga ukaruka. "Umelijua leo? Zilipouzwa za marehemu liliitwa nini? Kusaidiana?"

"Nitakupeleka mahakamani!"

"Nipeleke. Uwaambie majaji kwamba unaombea hisa za bahati nasibu kwa majina ya wanawake wa nyumbani kwako, na kodi unaikwepa kupitia akaunti ya mke wa mdogo wako. Nitavaa sari yangu nzuri nije nikusikilize."

Nilesh akamgeukia mdogo wake. "Hiren! Huyu mkeo au nani? Mwambie asome!"

Hiren alimtazama kaka, akamtazama mke. "Kaka," alianza, na Alpa akamkata.

"Wewe nyamaza hivyohivyo. Ulinyamaza zilipouzwa zangu, leo usijitie kusema." Akamrudia Nilesh. "Zilizobaki sizitaki. Zihamishe ziende kwako, kwa jina lako, mbele ya Dhruvi na watu wa kodi wakiona. Siku hiyo nitakusomea namba zote, hata kwa wimbo. Lakini kwa jina langu hutabonyeza tena kitu."

"Ba!" Nilesh alilia sasa kama mtoto. "Ba, unasikia anavyonivunjia heshima? Sema naye!"

Ba alikuwa ameacha kuhesabu shanga.

"Nilesh. Hisa alizoniachia baba yako. Zile za chai na zile za nyuzi. Zipo?"

"Ba, sasa hayo yanaingiaje?"

"Nimekuuliza, zipo?"

"Mambo ya soko ni marefu, Ba, nitakueleza ukitulia. Zingine nilizizungusha kidogo tu. Namba zinakuja kwangu kwa sababu wewe huna simu, na simu ya nini kwa mtu wa umri wako?"

Rotli ilikuwa inaungua jikoni na hakuna anayeigeuza. Ba aliziweka shanga kwenye mfuko wake, akajifunga ukingo wa sari kiunoni kama enzi za ujana wake.

"Alpa, zima jiko uvae viatu," alisema. "Tunaanzia duka la simu."