Nusu Sauti na Kitu

Siku mkewe alipozikwa, Fundi hakulia. Watu walimtazama, wakanong'onezana, wakaondoka na yao moyoni. Yeye mwenyewe aliyangoja hayo machozi kwa adabu kabisa, hayakuja. Miezi saba ikapita. Alikula alichokikuta, akalala saa ya kulala ilipofika, na cherehani iliyovisha mtaa mzima akaifunika shuka. Ukimuuliza hali, alisema nzuri. Wala hakuwa anakudanganya, maana hakuwa na nyingine ya kukwambia.

Aliyemtoa ndani ni binti yake, mtoto wake wa pekee, anayeishi mji mwingine na kumpigia simu kila Jumapili kuuliza kama amekula. Alikuwa amesikia kuna mwalimu wa muziki anayekusanya watu waliovuka miaka hamsini na tano, wale waliopiga ala maisha yao yote peke yao chumbani na hawajawahi kukaa kwenye bendi hata siku moja.

"Nimeshakuandikisha, Baba," alisema. "Usiniangushe."

Fundi akaenda. Kukataa kungetaka nguvu, na nguvu hakuwa nazo.

Sasa kuhusu gitaa lake tuelewane mapema, kwa sababu balaa lote lilitoka hapo. Fundi hakuwahi kumiliki kile kidude cha kupimia nyuzi. Kipimo chake kilikuwa mkewe. Kila jioni kabla ya kupiga angeita kuelekea jikoni, "Mama, nipe sauti," na mkewe, mikono ikiwa kwenye maji ya vyombo, angetoa "mmm" moja ndefu, nzito, bila hata kugeuka. Fundi angekaza uzi wa kwanza mpaka ufanane na hiyo mmm, kisha nyingine angezifuatisha. Walifanya hivyo miaka thelathini na minane. Mara ya mwisho ilikuwa siku mbili kabla ya mama wa watu kupelekwa hospitali. Tangu hapo Fundi hakuvigusa vile vifungo vya kukazia nyuzi. Mkewe hakupenda kurekodiwa, hata kwenye simu alikuwa akifunika uso na kunyamaza. Kwa hiyo sauti yake ilikuwa imebaki mle kwenye nyuzi sita, na kwingine hakuna.

Darasa lilikuwa chumba cha shule ya udereva, Jumamosi mchana, kuta zote zimejaa alama za barabarani. Walikuwa wanne. Nesi mstaafu alipiga kinanda. Dereva wa malori, mstaafu naye, alikaa kwenye ngoma chini ya alama ya kusimama, na alikuwa ameshaifanyia utani kabla hata hawajaamkiana. Karani mmoja mwembamba, bado kazini, alikuja na tarumbeta alilozoea kulipigia chooni ili majirani wasimseme. Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, lakini sikio lake halikuwa na huruma.

Kazi ikawa ngumu. Mtu aliyezoea kupiga peke yake akikosea husimama, akarudi mwanzo. Sasa weka wanne wa namna hiyo chumba kimoja. Nesi alisimama, Karani akaendelea, Dereva akarudi mwanzo, Fundi akawa hajui amfuate nani. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi, wa dakika tatu, na Jumamosi mbili zilipita hawajaufikisha nusu.

"Ukikosea, tembea nalo kosa lako," Mwalimu aliwaambia. "Usimwache mwenzako barabarani."

Wakajifunza kutembea na makosa yao. Hapo ndipo kosa la Fundi likasikika vizuri.

Mwalimu alimsogelea na kile kidude chake, akagonga uzi. "Mzee wangu, gitaa lako liko chini. Nusu sauti na kitu. Tulipandishe?"

"Wacha tu, Mwalimu. Nimelizoea hivi."

Jumamosi iliyofuata akasema vifungo vimekaza. Dereva akajitolea kuja na koleo. Nyingine akasema nyuzi kuukuu, zitakatika. Mtu mzima na mvi zake anatoa visingizio kama mwanafunzi aliyeacha daftari nyumbani. Mwalimu alimvumilia, halafu akamwambia ukweli: Jumamosi ijayo alipandishe gitaa lake, au awe anakaa kusikiliza wenzake.

Fundi hakujua kama anaipenda hiyo bendi. Alichojua ni kwamba Jumamosi ilikuwa siku yake pekee ya kunyoa ndevu.

Alifika, akaketi, gitaa mapajani. Wenzake walikuwa wanamngoja.

"Kwani hilo gitaa lina nini, Fundi?" Dereva aliuliza, safari hii bila utani.

Akawaeleza. Aliwaeleza kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwelezea mteja kwamba kitambaa hakitoshi: jikoni, vyombo, mmm, hospitali. Alipomaliza, Karani alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Basi tushuke sisi," Nesi alisema. "Changu kina kitufe, kinashuka."

"Langu halishuki mpaka huko," Karani alisema taratibu. "Ningeweza ningeshuka, kaka. Haki ya Mungu."

"Sitaki mshuke," Fundi alisema. "Nitampa Mwalimu anachotaka."

Akashika kifungo cha kwanza, akakaza. Uzi ukapanda. Alingoja moyo wake ufanye kitu, hata kidogo, haukufanya. Nesi, aliyechoma watu sindano za ganzi maisha yake yote, alimtazama usoni akaielewa hali ile, akageukia kinanda chake. Fundi akakaza wa pili, mpaka wa sita.

Siku hiyo waliufikisha wimbo mwisho. Walikosea mara nyingi na hakuna aliyesimama. Dereva alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati, Karani akampa Fundi mkono kama wanasaini mkataba. Fundi alijua kwamba limetokea jambo zuri. Alilijua tu.

Nyumbani alifika jua lingali juu. Akakaa kwenye kiti chake, kile kinachotazama jikoni, akaanza kuzirudisha nyuzi chini. Nusu sauti haikumsumbua, sikio lake liliipata mara moja. Kile "kitu" ndicho kilichomshinda. Alilegeza uzi, akagonga: siyo. Akakaza kidogo: siyo. Akakaza tena, akasema ndiyo hii, akagonga mara ya pili akaona nayo siyo. Kufika mara ya kumi kila sauti ilikuwa mkewe na hakuna iliyokuwa mkewe. Hofu ikamshika, hofu ya kweli, kitu cha kwanza alichokihisi tangu mazishi, na kilimuuma vibaya.

Akampigia binti yake.

"Baba? Leo si Jumapili. Kuna nini?"

"Mama yako," alisema, sauti haitoki vizuri. "Mama yako akiwa jikoni. Nikimwomba sauti. Alikuwa anaanzaje?"

Alitegemea kuulizwa kama amekula. Binti yake hakuuliza kitu. Alikuwa amekulia kwenye nyumba ile, akifanya kazi za shule kwenye meza ya jikoni, jioni baada ya jioni. Akavuta pumzi.

"Mmm," alisema.

Ilikuwa ndefu, nzito, na haikubabaika. Mkono wa Fundi ulikuwa bado kwenye kifungo cha uzi wa kwanza. Akauondoa, akaliweka gitaa sakafuni, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Baba, umeipata?"

Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, kidevu alichokinyoa asubuhi.

"Rudia," alisema.

Akarudia.