Binti Aliyekesha

Watoto wa kanisani walimbandika jina la Mama Funzo, wala hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kushona nguo, lakini kila wiki aliwaandikia hadithi ya kuwasomea Jumapili, na siku zote aliianzia mwishoni: kwanza funzo, chini kabisa ya ukurasa, ndipo atafute watu wa kulifikia. Wahusika wake walikwenda walikotumwa, hakuna aliyemletea ubishi.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya binti aliyekesha akimwombea mama yake mgonjwa. Kulipokucha mama akaamka mzima, akaulizia chai. Chini Mama Funzo aliandika: Asiyechoka kuomba hujibiwa.

Sasa kaka yake Mama Funzo alikuwa amezikwa, na binti mdogo wa marehemu hataki kulala. Mama mtu alibembeleza, akakaripia, akaishiwa mbinu. Mchana mmoja akamleta kwenye chumba cha kushonea.

"Wifi, hebu ongea naye wewe. Mimi hanisikii." Akatoka, akakaa barazani.

Mtoto aliketi juu ya robota la vitambaa, macho mekundu. Mama Funzo akasimamisha cherehani. Funzo alikuwa nalo tayari, la subira, zuri tu.

"Nililala, shangazi," mtoto akamuwahi.

"Ulilala lini?"

"Siku baba alipokufa. Nilikuwa namwombea, nikasinzia. Yule wa kwenye hadithi yako hakusinzia."

Mama Funzo akageuza kiti kumwelekea. Angeweza kusema hadithi ni hadithi tu, lakini huyu hakuwa mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Funzo la subira akaliacha.

"Mimi sikulala," akasema. "Nilikuwa naye hospitali, nimemshika mkono. Niliomba usiku kucha, mpaka sauti ikakauka."

"Hukusinzia hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mtoto akamtazama. "Na akafa."

"Na akafa, mwanangu."

"Mungu hakukusikia?"

"Alinisikia. Kwa nini hakunipa, sijui."

Haikuwahi kutokea Mama Funzo akamwambia mtoto kwamba hajui. Lilimuuma neno lile, akalia waziwazi, bila kujificha nyuma ya kitambaa alichokuwa akishona. Mtoto akashuka kwenye robota, akaja kumwegemea.

"Kumbe tulikuwa tunamwombea wote wawili," akasema, na kabla shangazi yake hajajibu, usingizi ulikuwa umemchukua.