Nukta ya Nne Kwenye Ramani

Siku ile mjinga alikuwa Lowell, na hilo halina ubishi. Ukimuuliza leo, mwenyewe atajinyooshea kidole kifuani. Alimpeleka dada yake Marit kwenye darasa la bure la usalama wa simu, kwenye chumba cha chini ya ardhi cha maktaba ya mji wa Duluth, kwa sababu Marit hakuwa na gari na tangazo lilitaja donati.

Mwalimu, mama wa kujitolea aliyeitwa Noreen, aligawa vibandiko vya majina. Andikeni jina lolote, alisema, si lazima liwe lenu. Lowell akaandika "Waziri wa Ulinzi" na kujibandika.

"Karibu, Mheshimiwa," Noreen akasema. "Nenosiri lako linatokana na nini?"

"Jina la mbwa wangu."

"Anaitwaje huyo mbwa?"

"Biskuti."

Wazee watatu wa mstari wa mbele wakaangua kicheko. Lowell naye alicheka nao kwa raha zake, kisha akagundua kwamba ametangaza nenosiri lake.

Marit hakucheka. Tangu aachane na mumewe, Trent, alikuwa amehama mara mbili, na mara zote mbili Trent alimtokea: kwanza kwenye mashine za kufulia, halafu nje ya mahali pake pa kazi, anatabasamu, "Dunia ndogo hii, mke wangu!" Hakimu alimwamuru Trent akae mbali naye. Marit alibadilisha namba, kufuli, hata duka la mkate. Jioni hiyo alikuwa anahamia nyumba ya tatu. Masanduku yake yalikuwa ndani ya gari la Lowell, na anwani ilikuwa kichwani mwake tu.

"Sasa fungueni sehemu inayoonyesha mahali mlipo," Noreen akasema. "Tazameni nani anawaona."

Marit alibonyeza, akakunja uso. "Inasema niko kwenye kundi la familia. Msimamizi ni Lowell."

"Ah, ile ya zamani," Lowell akasema, mdomo umejaa donati. "Niliiweka ili Mama asipotee."

Akaifungua yake. Ramani ikatokea na nukta nne. Mama yao, nyumbani kwake Hibbing. Yeye na Marit, maktabani. Ya nne ilikuwa kwenye barabara kuu itokayo Minneapolis, imeshaupita Cloquet, mji wa jirani, inasogea. Inasimama kidogo, inasogea tena.

Lowell akaiweka donati chini.

"Lowell," Marit akasema taratibu. "Trent anafanya nini humo?"

"Nilimwacha kwa ajili ya hoki. Yeye ndiye mwenye nenosiri la kutazamia mechi mtandaoni..."

 Kidole chake kilikuwa kinakwenda kumfuta, Noreen akamdaka mkono.

"Usiguse! Ukimtoa sasa hivi, simu yake itamwambia. Atajua mmemgundua, na yuko karibu mno. Mwacheni aendelee kuamini mmekaa hapa." Akamgeukia Marit. "Simu yako ibaki mezani. Wewe ndiye uondoke. Ile amri ya hakimu unayo?"

Marit akaupapasa mkoba. "Ninayo."

"Basi mimi nawapigia polisi, na mlinzi wa maktaba anafunga mlango wa mbele; wewe tokea wa nyuma."

 Mzee mmoja aliinuka, akaenda kuvuta mapazia ya vidirisha vya juu, ambako miguu ya wapita njia ilikuwa ikikanyaga theluji. Kwenye ramani, nukta ilishuka kilima na kuingia mjini.

"Mimi sitoki," Lowell akasema. "Nitamngoja nizungumze naye. Trent si mtu mbaya kiasi hicho, tumevua samaki pamoja miaka mingi. Ananisikiliza."

"Anakusikiliza?" Marit alikuwa anafunga vifungo vya koti.

"Ananipigia kila wiki, anauliza hali yako. Sijawahi kumwambia neno, naapa! Mimi ni kaka yako, Marit, kazi yangu ni kukulinda. Nipe hiyo anwani, nikimalizana naye nikufuate."

Marit alinyoosha kiganja.

"Anwani mbili za kwanza wewe ndiye uliyempa, kaka, kwa ramani yako. Lete funguo za gari."