Kukataa Mara ya Kwanza

Kaka yangu Bakili alipoteuliwa kuwa diwani, mwaka hamsini na nne, habari ilinikuta langoni mwa soko la Kariakoo nikigeuza samaki kwenye karai. Nilipiga vigelegele mpaka changu wawili wakaungua, wala sikujali. Tulikuwa wanawake kumi na wanne tuliokaanga samaki pale langoni, na tulikwisha sikia kwamba baraza la mji linataka kutuondoa. Sasa ndugu yangu wa tumbo moja anaingia humo humo barazani! Nikajiona nimepona.

Bakili alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la Bwana Tulsidas, mkabala na sisi. Bwana Tulsidas naye alikuwa diwani, tena wa siku nyingi, na ndiye aliyepeleka malalamiko: moshi wetu ulimwingilia dukani, kanga zake zikanuka samaki kabla hazijavaliwa. Hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alitusalimu mmoja mmoja kwa majina. Ila alitaka tuondoke, na hakuficha.

Madiwani wapya walifundwa kwanza. Nasema walifundwa kwa sababu Bakili mwenyewe alisema hivyo, kama mwari. Alasiri tatu alikwenda Posta, kwenye ofisi ya baraza, na karani mmoja, Bwana Girish, akawafundisha kazi: ukitaka kusema simama, maneno mwelekezee mwenyekiti na si jirani yako, na jambo likishaamuliwa usilirudie. Bakili akirudi nyumbani alinikalisha juu ya mbuzi ya nazi, eti mimi ndiye mwenyekiti.

"Bwana Mwenyekiti, naomba kusema," alisema, kifua mbele, futi ya ufundi ikimning'inia shingoni.

"Sema, lakini kwanza nisogezee hilo bakuli."

Tulicheka sana uani pale. Nimezeeka sasa, nyumba ile imevunjwa, pamejengwa ghorofa, lakini nikipita mtaa ule bado namtafuta kwa macho. Namkumbuka kaka yangu mpaka kifua kinaniuma.

Katika kikao chake cha kwanza baraza lilikuwa linateua mwakilishi mmoja wa kwenda Kamati ya Soko, na kamati hiyo ndiyo ingeamua habari zetu. Bakili aliitaka nafasi ile kwa moyo wake wote. Diwani mmoja akataja jina lake. Mwenyekiti, Mzungu mpole, akamuuliza kupitia kwa Bwana Girish aliyekuwa akifasiri: "Bwana Bakili, unakubali?"

Sasa Bakili ni mtu wa Kilwa. Kwetu mtu akipewa heshima hairukii kama mwenye njaa aliyeona sinia. Hukataa. Wenzake humwomba, akakataa tena, lakini kwa sauti ya chini. Mara ya tatu huinamisha kichwa, na watu wote hufurahi. Marehemu baba alipotakiwa awe imamu wa msikiti wetu alikataa tangu adhuhuri mpaka alasiri, na hakuna aliyedhani kwamba hataki.

Basi Bakili akasimama kama alivyofundishwa, akaweka mkono kifuani. "Bwana Mwenyekiti, mimi ni mgeni hapa, sistahili. Wapo wanaonizidi."

Bwana Girish akafasiri. Mwenyekiti akamshukuru Bakili kwa kusema kweli, akauliza kama kuna jina jingine. Likatajwa la Bwana Tulsidas.

"Nakubali," akasema Bwana Tulsidas, wakaendelea na habari za mifereji.

Bakili akakaa kitini akingoja kuombwa tena. Alingoja mpaka kikao kikafungwa.

Aliponieleza, nilimwangushia mwiko miguuni. "Umekataa? Kaka, umekataa kweli?"

"Sikukataa. Nilikataa mara ya kwanza tu."

"Na ulipoona wanaendelea?"

"Tulifundishwa kwamba likishaamuliwa halirudiwi."

Nilimwita majina ambayo hayafai kuandikwa. Yeye akawa anavuta vuta uzi kwenye mkono wa koti.

Kesho yake Bwana Girish mwenyewe alitujia langoni. "Mama, kazi yangu ni kufasiri maneno," aliniambia. "Alichotaka nilikijua, lakini nisingeweza kukisema kwa niaba yake." Uso wake ulionyesha kwamba hakulala vizuri. Akatupa habari: kamati ingemsikiliza mwakilishi mmoja wa wakaangaji kabla ya kuamua. Tumchague wenyewe.

Tulikutana tulipomaliza kuuza. Bi Sabaha, mkubwa wetu, akanielekezea kidole, akasema, "Mimi naona Kijakazi anafaa."

Nilikuwa nimejifunza, au nilidhani hivyo. "Nakubali!" nikasema, hata hajafunga mdomo.

Mmoja wao akaanza kupanga upya kuni zilizokwisha pangwa. Bi Sabaha akatengeneza mtandio wake taratibu. "Haya," akasema. "Na mwingine ni nani?"

Wakamtaja Selina wa Masasi. Selina akasema yeye si msemaji, wakamwomba. Akasema waende wenye akili, wakambembeleza. Mara ya tatu machozi yakamlengalenga, akakubali, na wanawake wakamshangilia. Mimi nilikuwa natokota. Nilijiona nimevuliwa nguo mbele za watu.

Siku ya kamati tulimngoja Selina nje, tukisikiliza dirishani. Bwana Tulsidas alieleza habari za moshi, wengine nao wakasema yao. Mwisho mwenyekiti wa kamati akamgeukia Selina. Je, alikuwa na neno?

Selina akakunja mikono. "Wakubwa mmekwisha sema. Mimi nina neno gani?"

Wakamshukuru. Tukapewa siku kumi tuhamie mbali kule, karibu na mto Msimbazi, ambako hata mbwa hapiti kwa hiari yake.

Siku ya kuhama Bakili alikuja kunibebea karai. Alilitwika kichwani akiwa ndani ya koti lake la baraza, na watu wa Kariakoo wakasimama kumtazama diwani akichuruzikiwa na mafuta begani. Selina alikuwa pembeni yetu na jiko lake. Nilikuwa sijamsemesha tangu siku ile, lakini njiani nilishindwa.

"Kwa nini hukusema, Selina? Hukuwa na neno hata moja?"

"Nilikuwa nayo mengi, dada," akajibu. "Niliyapanga usiku kucha. Kwamba tugeuzie majiko upande wa pili wa lango, moshi usiende dukani. Kwamba mkaangaji hauzi pasipo na wapita njia. Yote yalikuwa hapa mdomoni. Nilingoja aniulize tena."

Bakili akasimama chini ya karai. Akamtazama Selina, akasema kwa upole kabisa, "Hata mimi."

Nilitaka kuwafokea wote wawili. Nilifungua mdomo, kikanitoka kilio, pale pale katikati ya Mtaa wa Msimbazi, na nikawa sijui namlilia nani zaidi, wao waliongoja kuombwa au mimi niliyeshindwa kungoja.