Silinda ya Sita

Jumanne, baada ya chai ya pili, fundi Mirzaman aling'oa silinda hedi ya lori la Gulzada na kuilaza juu ya gunia. Akajifuta mafuta mikononi, akachukua kipande cha mpira wa kunyonyea petroli, ncha moja akaitia sikioni na nyingine akaishusha ndani ya silinda ya kwanza. Akasikiliza. Akahamia ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kwenye ya sita alikaa sana, hadi chai aliyokuwa ameibakiza ikafanya utando.

"Tano zimekufa," alisema. "Hii ya mwisho inapumua."

Gulzada hakuuliza inapumuaje. Miaka kumi na miwili nyuma, katika karakana hiihii ya Mingora, Mirzaman ndiye aliyeitia injini ile silinda mpya sita, na ndiye aliyemwonya aende polepole safari ya kwanza, kwa sababu ringi za pistoni na silinda huzoeana katika safari ya kwanza, na zikishazoeana ndiyo basi. Gulzada alikwenda polepole. Mzigo wake ulikuwa vijana sita wa kijijini kwao Shangla, aliowapeleka kusini, kwenye migodi ya makaa ya mawe. Wa sita alikuwa mdogo wake, Shahrawan.

Tangu hapo injini ilikwenda nao, silinda moja kwa kila kijana. Mwaka wa tatu lori lilipungukiwa nguvu ghafla, tena kwenye barabara tambarare, na jioni yake Gulzada akapata habari kwamba paa la mgodi limemwangukia Bakhtjamal. Mwaka wa sita, likiwa linapanda mlima, silinda mbili zilizimika kwa pamoja; asubuhi hiyo gesi ilikuwa imeingia shimoni. Wawili wengine waliondoka kwa ugonjwa wa kifua, mmoja baada ya mwenzake, taratibu, na lori nalo likapunguza mwendo taratibu, hadi wenye mikokoteni ya punda wakawa wanampungia mkono wakimpita. Wote watano Gulzada aliwarudisha nyumbani kwa lori lilelile. Makaburi yao yako juu ya shamba la mahindi.

Jumatatu injini ilikuwa imekohoa mara tatu, ikatema masizi, ikagoma hatua mia moja kutoka mlango wa karakana.

Lori la silinda sita haliendi kwa moja. Mirzaman alimweleza kwamba kuna njia mbili. Kwanza, kukarabati: angetia silinda mpya tano na kuiacha ile ya sita mahali pake.

"Lakini hizo tano nzima zitamburuta huyu mgonjwa," alisema. "Hafiki hata mji wa Attock. Na akizimika njiani, unajua mwenyewe utakachokikuta nyumbani."

Njia ya pili ilikuwa kubadilisha. Nyuma ya soko kulikuwa na wauza injini za mtumba kutoka Japani, na injini moja nzuri ilikuwepo. Ila muuzaji hatoi injini bila kupokea ya zamani, na ya zamani huenda kuyeyushwa.

"Hata kama inapumua?"

"Tanuru halipimi pumzi, mwanangu."

Gulzada alitoka, akarudi, akatoka tena. Alikunywa chai kwenye vibanda vitatu na hakumaliza kikombe hata kimoja. Alifungua minyororo ya kengele iliyoning'inia chini ya bampa, akaifunga upya vilevile ilivyokuwa. Umarzeb, dereva ambaye lori lake lilikuwa limeegeshwa hapohapo kando likitiwa silinda mpya, alimtazama kwa muda mrefu kutoka kwenye kivuli.

"Wewe mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" alisema. "Kaa chini. Unanichosha miguu mimi niliyekaa."

Mchana karani wa mgodi akapiga simu. Alisema Jumamosi kuna vijana sita watakaosubiri gari Alpurai, kule Shangla, na shimo linawahitaji. Gulzada akamwambia injini imekufa. Karani alicheka kwa upole. Alikuwa mtu mpole, kila Idi huwatumia madereva halua.

"Si ubadilishe, bwana? Kitu kikichakaa kinabadilishwa. Hata wewe unajua."

Jumatano Gulzada alipanda gari la abiria akavuka mlima kwenda kumuuliza mdogo wake. Kifua cha Shahrawan kilisikika tangu nje ya ukuta wa ua. Alikuwa na miaka thelathini na minne, amekaa juani na mfarishi mabegani, na Nazmina, mkewe, alikuwa akichambua dengu pembeni yake.

"Injini inasemaje?" Shahrawan aliuliza.

"Inakohoa."

"Hebu nisikie."

Gulzada alikohoa kama injini ilivyokohoa: mara mbili fupi, mara moja ndefu yenye mkwaruzo mwishoni. Shahrawan akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mbuzi wake ameonekana kwa jirani.

"Ni mimi huyo."

"Jumatatu hiyo," Nazmina alisema bila kuinua macho. "Mara tatu. Akatema weusi kwenye taulo langu jipya."

Gulzada akaeleza habari ya zile njia mbili, akiwa amesimama, kisha akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye banda la ng'ombe na kurudi. Alieleza mara mbili, mara ya pili kwa kuanzia mwisho. Hakusema kwamba yeye ndiye aliyempeleka Shahrawan kule mgodini. Hilo walikuwa wamelinyamazia miaka mingi, na wote watatu walijua lilipokaa.

"Badilisha," Shahrawan alisema. "Mimi mwenyewe mgodini walinibadilisha siku ileile niliyougua. Kitanda changu hakijapoa, mwingine keshakilalia." Akapumzika kidogo, pumzi imrudie. "Ila usiniache kwa muuzaji."

Alhamisi Gulzada alikwenda nyuma ya soko. Muuzaji aliiona injini ya zamani kuwa chuma kizito, akaitaka. Walivutana hadi adhana ya adhuhuri. Mwishowe muuzaji alimfuata hadi karakanani, akalizunguka lori, akasimama mbele ya milango. Ilikuwa milango ya mti wa mjozi, imechongwa maua na ndege, kazi ya marehemu baba yao, ambaye alichonga ule wa kushoto akiwa mzima na ule wa kulia akiwa ameshaanza kupofuka, ndiyo maana ndege wa kulia hawana macho. Muuzaji alipitisha kidole kwenye ndege wa kulia.

"Hii inatosha badala ya injini," alisema.

Gulzada aliing'oa milango mwenyewe, skrubu moja moja. Jioni lori lilikuwa na milango ya bati.

Ijumaa, baada ya swala, binamu yake alikuja na trekta na tela. Waliipakia injini ya zamani juu ya majani makavu, wakaifunika mfarishi, kwa kuwa mlimani kuna baridi, na binamu akaondoka nayo kuipeleka nyumbani. Iliendelea kupumua njia nzima. Kwenye kizuizi askari aliinua mfarishi, akasikiliza, akauliza kama inatumia dawa. Binamu akamjibu kwamba daktari amesema ipate hewa safi. Askari akaurudisha mfarishi akawaruhusu wapite.

Siku hiyohiyo Mirzaman alimaliza kuifunga injini ya mtumba. Alikuwa ameitia ringi mpya, na alimshika Gulzada mkono kabla hajampa ufunguo.

"Ringi mpya, safari ya kwanza ni ileile. Mzigo wa kwanza uwe kitu kisicho na roho."

Gulzada alipakia viazi. Karani alipopiga simu, alimwambia amekwisha kupakia. Alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, maneno yote ameyapanga, lakini karani alisema haina shida, Umarzeb ametoka karakanani na gari lake liko kama jipya.

Gulzada alimkimbilia Umarzeb, akamkuta anafunga turubai. Alimwambia Mirzaman alichosema. Umarzeb alikuwa anakijua. Mirzaman alikuwa amemwambia pia.

"Basi pakia kitu kwanza. Hata mawe."

"Mawe yanipeleke wapi?" Umarzeb alisema. "Wale watafika tu, Gulzada. Nisipowapeleka mimi, atawapeleka mwingine. Wewe una viazi, nenda na viazi vyako."

Jumamosi alasiri walikutana kwenye kibanda cha chai juu ya mlima wa Malakand, ambako kila lori linaloshuka kutoka bonde la Swat husimama kupoza breki. Wale sita walikuwa wamekaa juu ya ukingo wa barabara, wanakula mayai ya kuchemsha, wanamtania mmoja wao ambaye mama yake alimfungia kuku mzima na kumkataza asimfungue kabla ya Peshawar. Huyo alikuwa mtoto wa marehemu Bakhtjamal. Alipomwona Gulzada alisimama kwa heshima.

"Ami, milango yako imekwenda wapi?"

"Nimeibadilisha," Gulzada alisema. Kisha akamuuliza, "Kifua chako kizima?"

Kijana akajipiga kifuani kwa ngumi. Kililia kama ngoma iliyowambwa asubuhi hiyo. Wenzake wakacheka, nao wakajipiga, mmoja baada ya mwingine.

Lori la Umarzeb lilikuwa linanguruma kando yao. Gulzada alilisogelea, akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza. Zilikuwa sita. Zilipumua kwa zamu, bila kugombana, na moja ilikuwa nyepesi kidogo kuliko nyingine, ya mtu mwenye miaka kumi na minane.

"Injini yako nzuri," alimwambia Umarzeb.

"Si ina silinda mpya?"

Akamwacha atangulie. Akakaa na viazi vyake hadi chai ikapoa.

Injini ya Gulzada haijakohoa hata leo. Hubeba viazi, vitunguu na, msimu ukifika, pichi. Na kwa kuwa mtu hali pichi mwaka mzima, hubeba makaa pia kuyapeleka kwenye matanuru ya matofali. Watu haiwabebi.

Aliporudi nyumbani mara ya kwanza, aliikuta injini ya zamani imewekwa uani chini ya mti wa mjozi, juu ya mawe manne. Nazmina alikuwa ametandika mkeka kando yake, kwa sababu ina joto, na Shahrawan alikuwa ameiegemea kwa mgongo. Walikuwa wanapumua pamoja.

"Ulibeba nini?" Shahrawan aliuliza.

"Viazi."

"Na wale?"

"Umarzeb."

Shahrawan alijivutia mfarishi mabegani. Kuku walikuwa wakidonoa chini ya miguu ya Gulzada, ambaye bado alikuwa hajaketi.

"Walikuwa wangapi?"

"Sita."

"Injini yake inavuta vipi?"

"Vizuri. Zote sawasawa."

"Ndivyo tulivyokuwa," Shahrawan alisema. Akakohoa, na injini ikakohoa, na Nazmina akainuka kuanua nguo kambani kabla masizi hayajazifikia.