Unga wa Fedha

Kiwandani walichanganya unga wa fedha, madini yenyewe, ndani ya plastiki iliyoyeyushwa, ili mipira na vyombo vya hospitali viue vijidudu. Chembe zake hazionekani kwa macho mpaka ziwe nyingi, zikasimama hewani kama moshi. Zikishanasa ndani ya plastiki, hazitoki. Balaa ni kabla hazijanasa: huvutwa mpaka mapafuni.

Kulikuwa na kasha la vioo la kumiminia unga, lenye glavu zake, ila lilichelewesha kazi. Wakubwa wakaligeuza kabati la vikombe vyao vya chai. Wanawake wakamimina kwa mikono, kisha wakakung'uta kila mfuko mpaka utoe roho.

"Hiyo ni fedha, mama zangu," msimamizi alikuwa akiimba. "Msinimwagie fedha."

Mke wa mlinzi wa geti alikung'uta mpaka roho ikamtoka yeye. Daktari wa kiwanda akasema pumu. Wakubwa walikuja msibani na miwani myeusi, na kwa kumfuta machozi yule mgane wakampa binti yake nafasi ya marehemu. Mashine ileile, aproni ileile.

Binti alipoanza kukohoa, baba akamwambia aache.

"Tutakula nini, baba? Geti?"

Baba akapanda ofisini kwa msimamizi. "Bosi, mwanangu mhamishie kwenye kufungasha."

"Anywe maziwa, mzee."

"Mama yake alikunywa."

"Basi alichelewa."

Akashuka ngazi polepole. Mapafu ya mtu hayawaumi hawa. Kinachowauma ni kimoja tu. Akageuka, akapanda tena.

"Bosi, yule binti anaiba unga. Anautoa kwenye soksi."

Hapo msimamizi akasimama. Mgane hakuwahi kumwona akisimama kwa ajili ya mtu.

Walimvua binti mbele ya wenzake, wakazikagua nguo moja moja. Hawakupata kitu, nalo likawa ushahidi kwamba ni mwizi hodari. Wakamtoa nje, na wa kumfungulia geti ni baba yake.

"Nani kanisingizia, baba?"

Angeweza kunyamaza. "Mimi. Nataka upone, mwanangu."

Binti akamtazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Bora ungetangulia wewe," akasema taratibu, "mama akabaki." Mgane aliporudi nyumbani jioni, nguo za binti hazikuwepo, wala za mama yake.

Kesho yake msimamizi akamwita.

"Mzee, mwaminifu humu ni wewe tu. Mpaka damu yako umeichoma. Ingia kwenye mashine."

"Mimi ni wa geti, bosi."

"Ukikataa nitajua mlikuwa wawili. Na polisi wataanza na binti."

Akafunga aproni. Akaufungua mfuko, akamimina, akaukung'uta mara moja huku amebana pumzi. Msimamizi alikuwa mlangoni, leso puani.

"Kwa nguvu, mzee," akasema. "Mkeo hakuwa mvivu hivyo."